Amani ya Kongo: Mkimbizi Naye Aitwe Mezani

Wiki mbili baada ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, kuangukia mikononi mwa waasi wa M23, Januari 2025, maaskofu wa Kikatoliki na viongozi wa Kiprotestanti kutoka Kinshasa waliingia mjini humo wakakaa na Corneille Nangaa, mkuu wa muungano wa waasi. Wakatoka hapo wakaenda Kigali kuonana na Rais Paul Kagame. Rais wao wenyewe, Félix Tshisekedi, walikuwa wamekwisha kumwona. Kote walikopita walibeba pendekezo moja, Mkataba wa Kijamii kwa ajili ya Amani na Kuishi Pamoja Vema: Wakongo wote wakae chini wazungumze, na majirani wa Maziwa Makuu wazungumze nao.

Wapo wanasiasa wa Kinshasa waliowakasirikia, wakidai kwamba kumtembelea mwasi ni kumpa heshima asiyostahili. Sisi tunasema viongozi hao walifanya kazi yao. Msuluhishi anayesikiliza upande mmoja tu amekwisha kuwa wakili wa upande huo. Makanisa yalikwenda kwa wote, na yalikwenda bila jeshi la kuwatisha wenyeji wao.

Tunauunga mkono wito huo wa amani. Na kwa kuwa makanisa ndiyo yaliyowapokea waliokimbia, yakiwafungulia milango usiku na kuwatandikia madarasani na kwenye mabenchi ya ibada, tunayaomba yashikilie kwa nguvu jambo ambalo mikataba mingi imelipitia juu juu: haki ya mkimbizi. Wengi husema amani ije kwanza, wakimbizi watafuata. Historia ya eneo letu inasema vinginevyo.

Tazama vita vyetu vilikoanzia. Kuanzia mwaka 1959 Watutsi wengi walikimbia Rwanda wakatawanyika Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Kwa miaka 30 walipoomba kurudi waliambiwa nchi imejaa. Oktoba 1990 watoto wao walirudi kutoka Uganda wakiwa na bunduki. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari, watu zaidi ya milioni moja walivuka kuingia Kivu. Waliochinja na wasio na hatia wakakaa kambi moja, hatua chache kutoka mpakani, na dunia haikuwatenganisha. Mwaka 1996 vita ikazifuata kambi hizo, na kabla ya katikati ya mwaka uliofuata Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa imeanguka.

Jina lenyewe la M23 lina habari. Linatokana na mkataba wa amani uliotiwa saini tarehe 23 Machi 2009 kati ya serikali ya Kongo na kundi la waasi la CNDP. Miongoni mwa ahadi za mkataba ule ilikuwamo kurudi kwa wakimbizi wa Kikongo waliokuwa nchi jirani. Ahadi hiyo haikutimizwa ipasavyo, na manung'uniko yake yakawa moja ya hoja zilizotolewa kuhalalisha uasi wa mwaka 2012, na tena ule ulioanza mwishoni mwa 2021. Hatusemi manung'uniko hayo yanahalalisha bunduki. Hayahalalishi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza tena na tena jinsi jeshi la Rwanda linavyowasaidia M23, jambo ambalo Kigali inalikana, na madini yana nafasi kubwa katika vita hii. Lakini mkimbizi anayeachwa bila jibu huwarithisha watoto wake swali, na mwenye bunduki hupita akawaambia jibu analo yeye.

Mtu mmoja wa kanisa aliliona hilo mapema na akalilipia kwa uhai wake. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu alisimama mwaka 1996 kuwatetea wakimbizi wa Kinyarwanda waliokuwa jimboni mwake, wakati ambapo kuwatetea kulionekana kama kuwatetea wauaji waliojificha kati yao. Aliandika barua, aliomba dunia iingilie kati, aliwakemea pia askari wa Zaire waliokuwa wakipora raia. Tarehe 29 Oktoba 1996 wavamizi waliingia Bukavu. Alikamatwa njiani jioni ile akauawa. Mtetezi wa mgeni aliuawa katika mji wake mwenyewe, na maiti yake ikalala barabarani. Makanisa ya Kongo yanaposema leo juu ya amani na waliokimbia, yanasema kutoka kwenye kaburi hilo.

Yana rekodi nyingine pia. Tarehe 31 Desemba 2016, nchi ikiwa karibu kulipuka kwa sababu muhula wa Rais Joseph Kabila ulikuwa umekwisha na uchaguzi haukufanyika, ni Baraza la Maaskofu lililowakalisha serikali na upinzani mpaka wakatia saini. Mkataba ule ulisuasua, lakini uliipa nchi njia. Na upande wa Kiprotestanti, Kanisa la Kristo Kongo linakusanya madhehebu karibu 100. Katika vijiji vingi vya Kivu shule ni ya kanisa, zahanati ni ya kanisa, na mtu wa kwanza kupigiwa simu usiku risasi zinapolia ni padri au mchungaji. Hakuna chama wala jeshi lenye mtandao wa namna hiyo.

Sasa linganisha na karatasi zilizotiwa saini. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walisaini Washington. Tarehe 19 Julai Kinshasa na M23 walisaini Doha tamko la kanuni, na Novemba wakasaini tena. Tarehe 4 Desemba Tshisekedi na Kagame walikuwa Washington, kalamu mkononi, Rais Donald Trump pembeni yao. Siku chache baadaye M23 waliingia mji wa Uvira. Makumi ya maelfu ya watu walivuka kuingia Burundi, nchi ambayo mwanzoni mwa mwaka ilikuwa imepokea wengine makumi ya maelfu, wengi wao wakiwa wameuvuka mto Rusizi na kulundikana kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, bila paa. M23 walitangaza baadaye kwamba wanaondoka Uvira kwa ombi la Marekani. Aliyekwisha kukimbia na watoto watatu na sufuria moja harudishwi na tangazo.

Katika meza zile zote walikuwapo wenye majeshi, wenye madini na wenye fedha za kununua madini. Waliokimbia walitajwa kwa idadi. Na idadi ni kubwa kweli: ndani ya Kongo mamilioni ya watu wameyahama makazi yao, na zaidi ya milioni moja ni wakimbizi katika nchi nyingine za Afrika. Lakini kuhesabiwa ni jambo moja, na kuulizwa ni jambo jingine.

Haya ndiyo yanayotokea mtu asipoulizwa. Kwenye kambi za Bulengo na Lushagala, magharibi mwa Goma, ardhi ni mawe meusi ya volkano. Nguzo haichimbiki. Watu walipinda fito, wakatandika turubai jeupe juu yake, wakalikandamiza kwa mawe ili upepo wa ziwa usilibebe. Mtu mzima haingii humo bila kuinama. Humo walikaa watu wa Masisi na Rutshuru, wengine kwa miaka miwili na zaidi. Mei 2024 makombora yaliangukia kambi ya Mugunga, wakafa watu zaidi ya kumi, wengi wao wanawake na watoto. Kisha Februari 2025, Goma ikiwa chini ya M23, wakaambiwa wana saa 72 za kuondoka. Waliokuwa na nguvu waling'oa fito, wakakunja turubai, wakabeba mgongoni safari ya kwenda kwao. Walibeba fito kwa sababu hawakuwa na uhakika kama nyumba ingalipo. Wengi hawakuikuta, na wengine walikuta shamba lina mtu.

M23 walisema baadaye kwamba kurudi kule kulikuwa kwa hiari. Hiari ya saa 72 haipo. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika juu ya wakimbizi, wa mwaka 1969, unasema wazi kwamba mkimbizi hurudi kwao kwa ridhaa yake. Waliong'olewa Bulengo hawakuwa wamevuka mpaka, kwa hiyo sheria inawaita wakimbizi wa ndani. Lakini utu ni ule ule, na kanuni inapaswa kuwa ile ile.

Haki hii haichagui kabila. Mwaka 1996 zilizaliwa kambi mbili za Wakongo, katika nchi mbili. Moja ni Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, iliyopokea watu wa Fizi na Uvira. Nyingine ni Kiziba, magharibi mwa Rwanda, iliyopokea Watutsi wa Kikongo waliofukuzwa Kivu Kaskazini na Kusini. Kambi zote mbili zina watu wazima waliozaliwa humo, wakaoana humo, na sasa wana watoto humo. Februari 2018 wakimbizi wa Kiziba waliandamana kupinga kupunguzwa kwa msaada wa chakula. Polisi wakafyatua risasi na wakimbizi wasiopungua 11 wakafa.

Mtu wa Kiziba ana haki ya kurudi Masisi sawasawa na mtu wa Nyarugusu alivyo na haki ya kurudi Fizi. Anayesema Mnyamulenge, Mtutsi wa Kivu Kusini, si Mkongo anatangaza vita ijayo, hata kama anasema hivyo akiwa amevaa joho la kanisa. Na anayesema wakimbizi wa Kiziba watarudi kwa mtutu, juu ya mashamba ya waliofukuzwa Rutshuru, naye anatangaza vita ile ile. Kila makubaliano yatakayoandikwa yaseme nani atasikiliza kesi za ardhi, mahali gani, na mtu aliyepoteza shamba lake mwaka 1996 au 2022 atathibitisha vipi kwamba lilikuwa lake. Hilo ndilo swali la kwanza la mkulima anayerudi, na ndilo ambalo wakubwa hulisahau kwa sababu wao hawalimi.

Hapa tunageukia nyumbani. Tanzania ina deni na ina heshima katika jambo hili. Vijana wetu wamekufa Kongo: Desemba 2017 walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa kwa usiku mmoja kule Semuliki. Nchi yetu ilimpa hifadhi karibu kila aliyegonga mlango, na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Tuzo ya Nansen kwa ajili hiyo. Tena hatukuishia kuwapa hifadhi. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walilima, wakalipa kodi, na katika miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha wenyewe. Hatimaye Tanzania ikatoa uraia kwa zaidi ya 160,000 kati yao. Hakuna jeshi la waasi linaloweza kumwandikisha mtu kwa hoja ya ukimbizi wakati mtu huyo ana shamba, ana kitambulisho na ana mtoto shuleni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wale wa 1972 walipewa jembe. Wale wa 1996 hawajapewa hadi leo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae ndani ya eneo alilopangiwa, na kutoka bila kibali ni kosa. Masoko ya pamoja, ambako mkimbizi wa Nyarugusu na mwanakijiji wa Kasulu walikuwa wakiuziana, yalikuwa yamefungwa kufikia mwaka 2019. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulishushwa hadi nusu ya kiwango, na tangu Marekani ilipokata misaada yake mwaka 2025 hali ya kambi zote za eneo hili imezidi kubana. Mwanamke wa Nyarugusu anapewa maharage ambayo hayaivi bila kuni, na kuni ziko nje ya mpaka wa kambi. Akizifuata anavunja sheria, na njiani anaweza kubakwa. Asipozifuata, watoto wanalala na njaa. Mtoto wake anasoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, katika nchi ambayo nje ya kambi kila mtu anasema Kiswahili anachokisema yeye nyumbani.

Serikali hutaja usalama, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Tumeeleza hapo juu jinsi kambi za Kivu zilivyogeuka ngome mwaka 1994. Lakini tatizo la kule lilikuwa wenye silaha kuachwa wakae kati ya raia. Dawa yake ni kuwachuja wenye silaha na kuwatoa, kazi ya polisi na Idara ya Wakimbizi. Kumfungia mama wa kuni pamoja na mwanawe hakumtoi mwenye silaha. Kunampa kijana aliyekosa kazi sababu ya kumsikiliza.

Kwa hiyo tunasema haya.

Kwanza, wasuluhishi wa Doha, wa Washington, wa Umoja wa Afrika na wa jumuiya zetu za SADC na Afrika Mashariki waupokee wito wa makanisa ya Kongo kama sehemu ya mchakato, na wawape viti wawakilishi waliochaguliwa na wakimbizi wenyewe. Kambi zina kamati zao. Zina wenyeviti wa vijiji na viongozi wa wanawake. Nyarugusu inafikika. Kiziba inafikika. Nakivale kule Uganda inafikika.

Pili, hakuna kurudishwa kwa lazima, iwe kwa mtutu, kwa kuvunjiwa nyumba, au kwa kupunguziwa chakula mpaka mtu aseme mwenyewe kwamba anarudi. Njaa nayo ni amri.

Tatu, Tanzania irudishe jembe. Masoko ya pamoja yafunguliwe. Kibali cha kutoka kwenda kufanya kazi kitolewe kwa utaratibu unaoeleweka. Ekari zitengwe kwa makubaliano na vijiji vya Kigoma, na msaada wowote wa shule, maji na barabara uwafikie wanavijiji sawa na wakimbizi, kwa sababu wenyeji hao wamebeba mzigo huu miaka 30 na misitu yao imekwisha.

Nne, makanisa yenyewe. Wito una nguvu pale anayeutoa anapoutii. Tunajua kwamba mwaka 1994 huko Rwanda watu walichinjwa ndani ya makanisa walimokimbilia, na wapo watumishi wa Mungu waliohukumiwa kwa kushiriki. Aibu hiyo haifutwi kwa taarifa kwa vyombo vya habari. Mchungaji au padri anayehubiri chuki dhidi ya kabila, akiwa Kinshasa, Bukavu, Kigali au Bujumbura, akemewe na wenzake hadharani. Makanisa ya Tanzania nayo, kupitia Baraza la Maaskofu na Jumuiya ya Kikristo, yaseme kwa sauti ile ile ya wenzao wa Kongo. Yasiishie kuombea amani ya mbali Jumapili huku Nyarugusu ikiwa ni safari ya basi. Na jambo hili si la Mkristo peke yake. Waislamu wa kwanza waliokimbia mateso ya Makka walipata hifadhi kwa Najashi, mfalme Mkristo wa Habasha. Kumlinda mgeni ni amali tunayoishiriki sote.

Kuna siku moja tunaikumbuka kila tunapoulizwa meza ya amani iweje. Tarehe 1 Februari 2023, Papa Fransisko akiwa Kinshasa, alikutana na watu waliotoka mashariki. Alikuwa amepanga kwenda Goma mwenyewe, lakini vita iliizuia safari, basi wao wakaletwa kwake. Mmoja baada ya mwingine walisimama wakaeleza yaliyowapata. Kisha wakaweka chini ya msalaba silaha za aina ile ile zilizotumika kuwaua ndugu zao, panga likiwamo. Wakubwa waliokuwa chumbani walinyamaza wakasikiliza. Waliofiwa walisema kwanza.

Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu kambi ilipofunguliwa, Novemba 1996, anatimiza miaka 30 Novemba 2026. Hajawahi kuiona Fizi ya wazazi wake na haruhusiwi kwenda Kasulu mjini bila karatasi. Tangu azaliwe vita imeanza na kuisha na kuanza tena, mikataba imesainiwa Lusaka, Sun City, Nairobi, Washington na Doha, na hakuna hata mmoja uliompelekea swali. Wasuluhishi watakapokaa tena, mtu atumwe Kasulu akamuulize anataka nini: meli ya kumvusha Ziwa Tanganyika, au jembe hapa alipo. Jibu lake liandikwe ukurasa wa kwanza.